Kurekebisha Bunduki ya .22 Hali ya Hewa Inapobadilika: Mwongozo Kamili wa Shabaha ya Mita 50

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote huja hivi: "Kocha, Jumamosi nilikuwa napiga kumi mfululizo. Jumapili kundi limehama, limepanda, tena limerefuka. Nizungushe tyuna alama ngapi?" Wengine huniandikia wakiwa wameshaizungusha, wakairudisha, wakaizungusha tena, na sasa hawakumbuki ilianzia wapi.

Hapo mambo mawili yamechanganywa. Kundi, yaani matundu ya risasi yaliyokusanyika shabahani, likihama, dawa yake ni kilengeo. Kundi likirefuka kwenda juu na chini, tyuna, ule uzito mdogo unaosogea kwenye mdomo wa mtutu, inaweza kuwa dawa, lakini baada ya kukagua skrubu, risasi, mwanga na upepo. Anayetibu kuhama kwa kuzungusha tyuna huharibu bunduki iliyokuwa imetulia, na mara nyingi hugundua hivyo katikati ya mashindano.

Mwongozo huu ni wa bunduki ya mashindano ya .22 long rifle, kilengeo cha diopta (cha nyuma chenye tundu dogo la kuchungulia), umbali wa mita 50, mlengaji akiwa amelala kifudifudi. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya kwanza, ya tano haitakusaidia kitu.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bunduki, leseni yake, na kibendera cha usalama cha kuingiza kwenye chemba.
- Risasi za mechi za loti moja, yaani zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, zisizopungua 500. Namba ya loti imechapwa kwenye boksi. Isome, usiridhike na jina la kampuni peke yake.
- Toki renchi ndogo, yaani spana inayosoma nguvu ya kukaza, yenye kipimo cha Nm 2 hadi 8 hivi.
- Kipimajoto, na barometa inayosoma shinikizo halisi la mahali ulipo. Kifaa cha mkononi kama Kestrel hukupa vyote viwili pamoja na upepo na unyevu.
- Kronografu ya kupimia mwendo wa risasi. Ya kuazima inatosha, utaihitaji siku mbili tu.
- Meza imara na mito miwili ya mchanga.
- Darubini yenye stendi, na rula ya milimita.
- Bendera mbili za upepo za kitambaa chepesi cha pamba. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, kwa mita 50 hutaja kipande cha mm 50 kwa mm 400, moja mita 10 kutoka mstari wa kufyatulia na nyingine mita 30.
- Kasha la kutunzia joto, lile lile la kubebea soda au samaki, bila barafu.
- Daftari la karatasi na penseli. Simu huzima chaji na jua la saa sita halikuachii kuona skrini.

## Hatua ya 1: Kaza kinacholegea kabla ya kuilaumu hewa

Toa risasi, fungua bolti, weka kibendera, elekeza mtutu kwenye shabaha. Kisha pima skrubu zinazofunga mashine ya bunduki, ile sehemu ya chuma yenye bolti na chemba, kwenye kitako. Fuata namba iliyo kwenye kitabu cha mtengenezaji wako. Usichukue namba ya bunduki ya jirani. Kitako cha mbao na cha alumini havikazwi sawa.

Kaza skrubu ya mbele kidogo, kisha ya nyuma, rudi mbele, hadi zote zifike. Ukimaliza moja kabisa ndipo uende nyingine, mashine hukaa upande.

Hatua hii inahusu hewa kuliko unavyodhani. Mbao hunywa unyevu. Nilipoteremsha bunduki yangu ya kwanza kutoka Nairobi kwenda Mombasa, ilikuwa na kitako cha mbao, na siku ya tatu kundi lilikuwa limeshuka na kujigawa mawili. Nilizungusha kilengeo asubuhi nzima. Jioni nikashika spana: skrubu ya nyuma haikuwa na nguvu ile niliyoiacha nayo nyumbani. Mbao ilikuwa imevimba na kuukalia mtutu upande mmoja.

Pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na kitako. Kipite bila kukwama hadi pale mtutu unapoingia kwenye mashine. Kagua pia skrubu za kilengeo cha mbele na cha nyuma, reli ya mkanda, na tyuna yenyewe.

Onyo: kwa wa pwani, hewa ya chumvi hula chuma usiku mmoja. Pangusa mtutu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila jioni, na usiihifadhi bunduki kwenye mfuko uliofungwa ukiwa na unyevu ndani.

Umefaulu ikiwa: ukipima leo na ukipima baada ya risasi 100, spana inasoma namba ile ile.

## Hatua ya 2: Jua hewa inabadilisha nini, na kwa milimita ngapi

Duara la kumi, lile la katikati ya shabaha ya mita 50, lina kipenyo cha mm 10.4. Kila kitu hapa kipimwe kwa duara hilo.

Uzito wa hewa unakokotolewa hivi: chukua shinikizo kwa hPa (hektopaskali), zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa 287 mara (273 jumlisha nyuzi za Selsiasi). Jibu ni kilo kwa mita ya ujazo. Nairobi, yenye shinikizo la karibu hPa 830 na nyuzi 20, hupata kama 0.99. Mombasa, hPa 1010 na nyuzi 31, hupata kama 1.16. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kwa karibu asilimia 15.

Hapa ndipo wengi hutegwa na simu. Programu ya hali ya hewa ikikuonyesha Nairobi hPa 1018, hiyo ni namba iliyosahihishwa kana kwamba mji uko usawa wa bahari. Risasi yako haipiti kwenye hewa hiyo. Tumia barometa iliyowekwa isome shinikizo la kituo, yaani shinikizo halisi la mahali ulipo.

Sasa hiyo asilimia 15 inafanya nini? Risasi ya mechi ya gramu 2.6 hutoka kwa mita 320 hadi 330 kwa sekunde, na kufikia mita 50 imepoteza kama mita 24 za mwendo huo pale usawa wa bahari. Ukipanda Nairobi, upotevu hupungua kiasi, na kundi huinuka kwa takriban milimita moja na nusu. Hiyo ndiyo tofauti ya Mombasa na Nairobi nzima. Kwa mita 100 tofauti hufika sentimita moja hivi, na hapo lazima uijali.

Joto peke yake, likipanda nyuzi 10, hupunguza uzito wa hewa kwa asilimia 3 na kidogo. Kwa mita 50 huwezi kuiona shabahani. Unyevu nao: wengi huamini hewa yenye unyevu ni nzito na huizuia risasi. Ni kinyume. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, kwa hiyo hewa ya pwani yenye unyevu mwingi ni nyepesi kwa kama asilimia 1 kuliko ingekuwa kavu. Iache.

Kinachobaki ni mwendo wa risasi yenyewe. Mwendo ukibadilika mita 5 kwa sekunde, kundi hupanda au kushuka kwa karibu milimita 4. Linganisha na ile moja na nusu. Ndiyo maana nasema risasi iliyopashwa na jua hukuhamisha zaidi kuliko safari ya kutoka bara hadi pwani.

Umefaulu ikiwa: kundi likihama milimita 6 kwenda juu, hutasema tena "ni hewa nyepesi". Utauliza risasi zilikuwa wapi.

## Hatua ya 3: Pima kliki zako

Kliki ni hatua moja ndogo ya kuzungusha kitufe cha kilengeo. Usiamini kilichoandikwa kwenye kilengeo. Thamani ya kliki hutegemea umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma, na kila mlengaji huviweka kwake.

Hesabu ni rahisi. Kama kliki moja inasogeza diopta mm 0.04, na umbali kati ya vilengeo ni mm 850, basi kwa mita 50 risasi inahama 0.04 mara 50,000 gawanya kwa 850, yaani mm 2.35. Ukirefusha umbali huo, kliki inakuwa ndogo.

Kisha hakikisha kwa risasi. Piga 5. Sogeza kliki 20 kulia, piga 5. Sogeza 20 juu, piga 5. Rudi 20 kushoto, piga 5. Rudi 20 chini, piga 5. Pima umbali kati ya katikati za makundi, gawanya kwa 20.

Kundi la mwisho linapaswa kulala juu ya la kwanza. Lisipolala, kilengeo kina ulegevu wa ndani. Njia ya kuishi nacho ni kumalizia kila marekebisho kwa kuzungusha upande mmoja: ukitaka kushuka kliki 4, shuka 8 kisha panda 4.

Umefaulu ikiwa: umeandika thamani ya kliki ya wima na ya ulalo kwenye jalada la daftari, na sanduku lililochorwa na makundi yako limefunga, yaani la mwisho limelala juu ya la kwanza.

## Hatua ya 4: Tuliza risasi

Chagua loti kwanza, tyuna baadaye. Watengenezaji wakubwa kama Eley na Lapua wana vituo ambako bunduki hufungwa kwenye kishikio na loti mbalimbali kujaribiwa, na mlengaji huondoka na ile mtutu wake uliyoipenda. Ukiwa mbali na vituo hivyo, fanya kwa mito ya mchanga: loti tatu au nne, makundi manne ya risasi 10 kwa kila moja, alfajiri kabla ya upepo. Ukipata iliyotulia, nunua nyingi kadiri mfuko na leseni vinavyoruhusu.

Mtutu huzoea nta ya risasi unazotumia. Ukibadilisha aina, piga 20 au 30 kabla ya kuhukumu chochote. Hata kwa aina ile ile, baada ya kusafisha, risasi za mwanzo hazihesabiwi.

Baridi huigandisha nta hiyo na joto huilainisha. Kwa hiyo weka risasi kwenye kasha la kutunzia joto, kivulini, tangu unapotoka nyumbani. Toa boksi moja moja. Usiziache kwenye dashibodi ya gari, wala juu ya mkeka mweusi juani huku ukisubiri zamu.

Na hili naliona kila wiki: mtu anaingiza risasi, upepo unabadilika, anasubiri dakika nzima huku risasi imekaa ndani ya chemba ya moto. Ile risasi itaruka. Ukihitaji kusubiri, itoe, iweke pembeni, ingiza nyingine upepo utakaporudi.

Siku ya kronografu, piga 20 asubuhi kukiwa na ubaridi na 20 adhuhuri. Andika wastani wa kila kundi pamoja na joto la *risasi*, yaani joto la ndani ya kasha. Tofauti ya wastani ndiyo namba yako halisi ya joto. Mwingine hupata mita 2 kwa sekunde, mwingine 6, kulingana na loti. Namba ya kuazima kwa rafiki haikufai.

Kwa wanaosafiri kwenda kwenye baridi ya Ulaya kuna jambo la ziada. Mwendo wa sauti hushuka na joto: nyuzi 31 ni kama mita 350 kwa sekunde, nyuzi 5 ni kama 334. Loti inayotoka kwa 330, pale baridi iko ukingoni mwa mwendo wa sauti, mahali ambapo ukinzani wa hewa huongezeka ghafla. Pwani loti hiyo hiyo iko salama kabisa. Ukijua unakwenda kushindana kwenye baridi, beba loti ya polepole.

Umefaulu ikiwa: wastani wa asubuhi na wa adhuhuri, risasi zikiwa zimetunzwa kwenye kasha, haupishani zaidi ya mita 2 au 3 kwa sekunde.

## Hatua ya 5: Tyuna, mara moja na kwa subira

Tyuna ni uzito mdogo unaosogea mbele na nyuma kwenye mdomo wa mtutu. Kazi yake inaeleweka ukikumbuka kwamba mtutu hutikisika risasi ikiwa bado ndani. Risasi ya polepole hutoka kwa kuchelewa kidogo. Kama mdomo wa mtutu unapanda wakati huo, risasi iliyochelewa inatoka ikiwa imeelekezwa juu kidogo, na ile ya kasi, iliyowahi, inatoka chini kidogo. Zinakutana shabahani. Ukisogeza uzito, unabadilisha wakati wa huo mtikisiko ili kupanda kwa mdomo kuangukie pale risasi zinapotoka.

Kutokana na hayo unapata mambo mawili. Kwanza, tyuna hupunguza urefu wa wima tu. Kundi likitanuka kulia na kushoto, tafuta upepo au mwili wako. Pili, tyuna iliyopatikana kwa mita 50 haifai kwa mita 100, kwa sababu risasi zinazokutana 50 zimeshapishana zikifika 100.

Onyo la kwanza: tyuna iko mdomoni mwa mtutu. Kila unapoigusa, bolti iwe wazi, chemba tupu, kibendera kimeingia, na hata hivyo mkono upite pembeni, usipite mbele ya mdomo.

Onyo la pili: soma kanuni za mashindano yako kabla ya kuifunga. Chini ya ISSF, vifaa vya mdomoni vya kupunguza mrusho wa bunduki ni marufuku kabisa, na uzito wa mtutu una mipaka yake.

Chagua siku mbili za utulivu. Kwa bara, saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa mbili na nusu ni muda mzuri. Pwani, wahi kabla upepo wa bahari haujaamka. Risasi kutoka kasha, loti ile ile, mito ya mchanga mbele na nyuma, bunduki iegemee mahali pale pale kila mara.

*Mzunguko wa kwanza ni wa kutupa.* Anza sifuri. Zungusha tyuna nusu duru kila mara, piga 5, pima urefu wa wima peke yake. Usichague mshindi hapa. Risasi 5 zinadanganya: kundi zuri la risasi 5 linaweza kutokea popote kwa bahati. Unachotafuta ni sehemu mbaya wazi wazi, uzifute.

*Mzunguko wa pili ni wa kuchuja.* Chukua sehemu tatu zilizobaki na dalili nzuri. Kila moja ipigwe makundi manne ya risasi 10, kwa kupokezana: kundi la A, la B, la C, kisha rudi A. Ukimaliza A zote ndipo uanze B, B itakutana na jua kali zaidi na mgongo uliochoka, na utaihukumu kwa makosa yasiyo yake.

*Mzunguko wa tatu ni wa kutafuta katikati.* Kwenye sehemu iliyoshinda, jaribu alama 3 mbele na 3 nyuma, kisha 6 na 6. Andika urefu wa wima wa kila moja. Utaona bonde: pembeni kurefu, katikati kufupi. Chagua katikati ya bonde pana. Usichague alama moja iliyotoa kundi la ajabu huku majirani zake wakiwa wabaya. Ile ni ncha ya kisu, na nyuzi 5 za joto zitakuangusha.

Hapo ndipo hali ya hewa inapoingia kwenye tyuna. Upana wa bonde ndio kinga yako dhidi ya hewa inayobadilika. Joto likibadilisha mwendo wa risasi na ugumu wa nta, bonde husogea kidogo. Ukisimama katikati ya bonde pana, unabaki ndani.

Rudi siku nyingine ambayo joto linapishana kwa nyuzi 10 au zaidi, na upige makundi manne ya 10 kwenye alama ile ile. Urefu wa wima usipobadilika, funga skrubu ya tyuna, chora mstari wa kalamu kuvuka tyuna na mtutu, na usiiguse tena hadi ubadilishe loti. Ukirefuka, jaribu alama 2 au 3 kila upande siku hiyo hiyo na uandike. Ukipata jibu lile lile kwa siku tatu za joto linalofanana, hapo una haki ya kuwa na alama mbili: ya baridi na ya joto. Chini ya siku tatu ni bahati.

Najua wapo walengaji hodari wa kuegemea meza ambao hufuatisha tyuna na joto kila saa. Wana bunduki zisizoguswa na pumzi ya mtu na hupiga maelfu ya risasi za majaribio. Kwa mlengaji aliyelala na mkanda mkononi, ushauri wangu ni kuifunga.

Umefaulu ikiwa: wastani wa urefu wa wima wa makundi yako ya 10 ni mdogo kuliko kabla ya tyuna, katika siku mbili tofauti, na alama mbili za jirani hutoa karibu matokeo yale yale.

## Hatua ya 6: Mwanga

Jicho hudanganywa na mwanga kabla upepo haujaanza kazi. Jua likitoka upande wa kushoto, ukingo wa kushoto wa duara jeusi hung'aa na kuonekana kama umeliwa. Unaweka pete ya kilengeo kwenye duara lisilo pale lilipo. Wingu likipita, duara linarudi na kundi linahama bila upepo wowote.

Funika kilengeo cha mbele kwa bomba, na kipake rangi nyeusi isiyong'aa. Kwenye kilengeo cha nyuma tumia diopta yenye tundu linalorekebishika. Jua kali: tundu dogo. Wingu: kubwa kidogo. Lengo ni jicho lipokee mwanga unaofanana siku nzima. Pete ya kilengeo cha mbele nayo iongezwe ukubwa mwanga unapofifia au shabaha inapotetema. Pete inayobana hukulazimisha kutafuta weupe usioonekana, ukakaa nayo muda mrefu hadi jicho likachoka.

Jaribio: siku ya mawingu ya vipande, piga 10 jua likiwa wazi tu, na 10 wingu likiwa limefunika tu, kwenye shabaha mbili. Pima tofauti ya katikati kwa kliki. Wengi hupata kliki moja au mbili. Hiyo iandike, kwa sababu siku ya mashindano hutakuwa na nafasi ya kuitafuta.

## Hatua ya 7: Upepo na mazigazi

Upepo wa mita 1 kwa sekunde unaokata moja kwa moja husogeza risasi ya mechi karibu milimita 6 kwa mita 50, usawa wa bahari. Nairobi ni kama 5. Upepo usioweza hata kupeperusha kanga kwenye kamba unatosha kukutoa kwenye kumi.

Upepo wa pembeni pia hupandisha na kushusha. Nitatumia uso wa saa, na hapa Mswahili awe makini: nataja namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa, si saa tunayotamka. Kwa mtutu ambao mifereji yake ya ndani huizungusha risasi kulia, upepo wa kutoka namba 3, yaani kulia, hupeleka risasi kuelekea namba 10. Upepo wa kutoka namba 9 huipeleka kuelekea namba 4. Mtu asiyejua hili huona risasi ya juu kushoto na nyingine ya chini kulia, akasema kundi limerefuka, akashika tyuna. Kabla ya kuigusa, tazama: kama matundu yamelala kwenye mstari wa 10 na 4, ni upepo.

Bendera ya mita 10 ina umuhimu zaidi kuliko ya mita 30. Upepo wa karibu na mtutu huigeuza risasi mapema, na kosa hukua njia nzima.

Mazigazi, ule mtetemo wa hewa juu ya ardhi ya moto, ni bendera ya bure. Rudisha umakini wa darubini uwe katikati ya njia badala ya shabahani, na utaona hewa ikitiririka. Ikitiririka kulia, upepo unakwenda kulia na picha ya shabaha nayo inasukumwa kulia. Vyote viwili vinaongezeana. Ikichemka wima bila kwenda popote, usifyatue: ama upepo umekufa kwa sekunde chache au unageuka, na hujui ni kipi.

Walio pwani wanajua kusi na kaskazi zinavyotawala miezi. Renji yako imekaa upande gani wa pepo hizo? Kama mstari wa kufyatulia unatazama mashariki, kusi itakukata kutoka kulia, na kilengeo unachokizoea Julai hakitakuwa cha Januari. Andika mwezi kwenye daftari pamoja na joto.

Njia ninayofundisha: chagua hali moja inayorudi mara nyingi, weka kilengeo kwa hiyo, na fyatua ikirudi tu. Kufukuza kila upepo kwa kliki kunafaa walio na miaka mingi renjini.

Umefaulu ikiwa: unaweza kutabiri, kabla ya kuangalia darubini, risasi imekwenda upande gani, na unapatia mara nane kati ya kumi.

## Hatua ya 8: Karatasi ya hali

Kila zoezi liache mstari mmoja kwenye daftari: tarehe, mahali, shinikizo la kituo, joto la hewa, joto la risasi, mwanga, upepo, loti, alama ya tyuna, namba za kilengeo, na katikati ya kundi kwa milimita. Baada ya mazoezi kumi na tano hivi utaanza kuona kilengeo chako kinapenda wapi katika hali gani.

Sehemu hii ina maneno machache lakini ndiyo itakayokufikisha mbali. Walengaji wengi wana bunduki bora kuliko yangu na hawajui namba ya kilengeo chao ya Jumapili iliyopita.

## Hatua ya 9: Safari na siku ya mashindano

Kwa ndege, mashirika mengi huruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria, pamoja na vifungashio. Kwa .22 ni kama maboksi 25 ya risasi 50. Pata vibali vya nchi unayokwenda mapema, pamoja na barua ya chama chako. Ukikuta risasi hazitoshi, usichanganye loti: tenga moja iwe ya mazoezi, nyingine iwe ya mashindano.

Ukifika, acha bunduki ipumue mahali hapo usiku mzima ikiwa nje ya sanduku, ndani ya chumba kilichofungwa kisheria. Asubuhi rudia Hatua ya 1 kwanza. Kisha soma barometa na joto, fungua daftari, na weka kilengeo kwenye namba ya siku inayofanana zaidi.

Katika mashindano ya ISSF una dakika 15 za kujiandaa na kupima kabla ya risasi za alama. Zitumie hivi. Risasi 5 za kwanza ni za kupasha mtutu, usizihukumu. Tano zinazofuata, tafuta katikati yake, na urekebishe kilengeo mara moja. Zinazobaki ni za kusoma upepo: fyatua makusudi moja upepo ukiwa upande huu, moja ukiwa upande ule, uone umbali.

Kundi likihama katikati ya mashindano, jiulize kwa mpangilio huu kabla mkono haujasogea. Upepo umebadilika? Mwanga umebadilika? Risasi ilikaa chembani? Boksi liko juani? Kiwiko au mkanda umeteleza? Yote yakiwa sawa na risasi tatu zimeanguka mahali pamoja, sogeza kilengeo nusu ya umbali, piga moja, kisha malizia.

Tyuna uliifunga wiki zilizopita. Kama mstari wa kalamu bado umenyooka kuvuka tyuna na mtutu, endelea kupiga.